Mimea ya shina: nikikata na kupanda tena inaelea, na ile inabaki inaoza chini. Nakosea wapi?

gapi_lanet

Wadau habari zenu. Naomba mnisaidie juu hii kitu imenisumbua hadi nikiamka usiku kunywa maji lazima nipitie kwa tanki ya samaki na tochi ya simu kuangalia kama kuna shina lingine limetoka.

Niko Nakuru pande za Lanet. Tanki yangu ni ya futi 3, inabeba kama lita 140 ukitoa nafasi ya mawe, imefikisha miezi saba sasa. Nilianza na mimea ya shina aina tatu: Hygrophila ile ya kijani, Ludwigia ile jani lake ni jekundu upande wa chini, na Rotala ile ya majani madogo madogo. Mwanzo ilishika vizuri sana, kila mgeni akiingia anasimama hapo kwanza kabla hata ya kusalimia watu.

Shida ilianza ilipofika juu ya maji. Niliiacha kwa sababu nilipenda venye imelala juu kama pazia na vifaranga vya gapi, samaki wangu wadogo, vinajificha hapo. Baada ya wiki kama tatu nikaona huku chini majani yanageuka manjano, yanalegea, yanaanguka, na sasa nimebaki na mashina uchi kutoka kwa changarawe hadi katikati ya tanki, halafu msitu wote uko juu. Ukikaa kwa kiti ukiangalia ni kama unaangalia fito za nyumba kabla ijatiwa udongo.

Nikasoma mahali kwamba unakata halafu unapanda zile ncha. Nikachukua makasi ya jikoni nikakata zote Jumamosi moja, nikafunga ncha tano tano na uzi, nikachomeka. Jumapili asubuhi nusu zinaelea. Nikarudisha. Jioni zinaelea tena. Zile zilikubali kukaa, siku ya nne nikavuta moja kuona kama ina mizizi, nikapata ile sehemu iko ndani imekuwa nyeusi, inateleza kwa vidole na inanuka kama mtaro. Na vile visiki nilibakisha chini viko tu, havijafanya kitu, mwani wa kijani ndio umeanza kuvishika.

Sasa nakata wapi hasa kwa shina? Visiki ningoe ama niache? Na kuna jirani yangu mkulima ananiambia nitie CAN kidogo, ile mbolea ya shamba, eti mimea ni mimea. Taa ni LED, inawaka masaa 10. Maji natoa kwa kisima kirefu cha ploti. Sina mtungi wa kaboni (ile gesi ya kaboni dioksidi ya kulisha mimea) na sina mpango wa kununua saa hii.


fundo_na_pingili

Pole kaka. Hiyo mimea yako haijakufa, na wala hukufanya jambo baya kukata, ulichelewa tu kukata halafu ukapanda kwa haraka. Hebu nikueleze venye mimi hufanya, nina tanki mbili hapa Bungoma na zote hazina kaboni.

Shika shina moja ulilete karibu na jicho. Utaona ni kama muwa, kuna vifundo mahali majani yanatokea, na kati ya fundo na fundo kuna pingili. Mizizi inatoka kwa fundo. Vichipukizi pia vinatoka kwa fundo, pale jani linapoungana na shina. Ile pingili katikati haina kazi ya kukuotea kitu. Kwa hivyo ukikata ukaacha pingili ndefu inaning'inia chini ya fundo la mwisho, ukaifukia kwa changarawe, ni hiyo inaanza kuoza na uozo unapanda juu kabla mizizi haijatoka. Ile nyeusi yenye harufu uliyoshika ni hiyo. Ncha ya kupanda ikate chini ya fundo, acha kipande kidogo tu kama urefu wa punje ya mchele. Kile kisiki kinabaki ndani ya tanki nacho kikatwe juu kidogo ya fundo, kwa sababu hiyo hiyo.

Wengi wetu huku magharibi tumeona hii kazi tangu utotoni kwa shamba la viazi vitamu. Mama akitafuta marando hachukui lile shina kuukuu lililo karibu na ardhi, anachukua ncha changa, anatoa majani ya chini, anafukia vifundo viwili ama vitatu kwa tuta, anaacha kichwa nje. Ukimwuliza kwa nini hachukui la chini atakuambia hilo limechoka, lina wadudu. Ndani ya maji ni hivyo hivyo, tofauti ni kwamba kwa shamba udongo ni mzito unashika shina, na kwa tanki shina lina hewa ndani na linataka kupanda juu.

Sasa hiyo ya kuelea. Kwanza usifunge na uzi. Ukifunga tano pamoja zile za katikati hazipati mwanga wala maji yanayotembea, zinaanza kuoza zikiambukizana. Panda moja moja, uache nafasi ya upana wa kidole. Pili, ncha iwe na urefu wa kutosha, sentimita 10 hadi 15, vifundo viwili vya chini uvitoe majani. Lakini usichune jani lote hadi kwa shina! Kata kwa makasi uache kikonyo kifupi, kama milimita tatu. Hivyo vikonyo vinakuwa kama mishale ya ndoano, ukishasukuma ndani ya changarawe vinazuia shina kurudi juu. Vitaoza vyenyewe baadaye na wakati huo mizizi itakuwa imetoka.

Tatu, tumia kibano kirefu, usitumie vidole. Bana shina mwisho kabisa kule chini, liingie kwa mshazari kama vile unachoma sindano, sukuma sentimita 3 au 4, halafu simamisha mkono pole pole, legeza kibano kidogo huku unakitikisa ndipo utoe. Ukikitoa kwa nguvu kinatoka na shina lako. Mimi mara ya kwanza ilinichukua jioni nzima kupanda mashina ishirini, sasa hivi ni dakika kumi.

Na makasi. Makasi butu yanaponda shina badala ya kukata, utaona kidonda kimekuwa bapa na cheupe. Hicho ndicho kinaoza. Tafuta makali, hata wembe mpya unafaa.

Sababu ya majani ya chini kuanguka ni kivuli. Ulipoacha msitu ulale juu ya maji ulifunga dirisha, huku chini kukawa giza, na mmea haulishi jani ambalo halimletei chakula. Unavuta kila kitu kizuri kutoka kwa lile jani unapeleka kwa ncha. Kwa hivyo usingoje ifike juu. Ikibakisha sentimita tano hivi ifike, kata.

Hivyo visiki vyako mimi ningeng'oa. Panda ncha upya, anza na safu safi.


kondele_maji

Na ukishakata badilisha maji theluthi moja siku hiyo hiyo, vuta na mpira vile vipande vya majani vyote kwa changarawe. Shina lililokatwa linatoa majimaji yake ndani ya tanki na majani yakioza yanaleta amonia na mwani. Masaa 10 ya taa bila kaboni ni mengi, shusha hadi 7, weka taima usisumbuke kukumbuka. Walio Kisumu kama mimi na wanatumia maji ya mfereji wasisahau kuna klorini, weka dawa yake ama ndoo ilale wazi siku nzima.


majani_chai_nandi

Fundo_na_pingili umeeleza vizuri sana na hiyo ya vikonyo nitaijaribu leo leo. Lakini hapo kwa kung'oa visiki mimi sikubaliani na wewe, na naona afadhali ajue kuna njia nyingine kabla hajatupa kitu ambacho tayari kina mizizi.

Mimi nimekulia kwa majani chai. Mchumaji anachukua majani mawili na kichipukizi chake, na kile kichaka hakifi, kinajaza pembeni hadi juu kinakuwa sawa kama meza. Ni kwa sababu ncha ya mmea inatengeneza homoni, wanaiita oksini, inashuka kwa shina na kuviambia vichipukizi vya pembeni vilale. Ukitoa ncha, amri inaondoka, vile vilivyokuwa vimelala vinaamka. Ndiyo maana kwa Rotala ukikata shina moja unapata mawili, kata hayo mawili unapata manne, na hapo ndipo unapata ule mnene tunaoutamani kwa picha za tanki za kina Takashi Amano wa Japani. Haupatikani kwa kupanda mashina mia. Unapatikana kwa kukata mara kwa mara na kuvumilia.

Kisiki kina mizizi tayari. Ncha mpya itakaa wiki nzima ama zaidi ikihangaika kutoa mizizi yake. Kwa hivyo kwa nini utupe kilicho tayari? Hata kama kimeanguka majani, kwa kila fundo bado kuna jicho. Kifinye na vidole viwili: kikiwa kigumu na ndani ni kijani, kiache, kikate chini zaidi, vidole vitatu kutoka kwa changarawe, hakikisha mwanga unakifikia, ungoje wiki mbili. Kikiwa laini au rangi ya chai, hapo ndipo unang'oa.

Ila pia si mimea yote. Hii ndio sehemu watu wanachanganya wanafikiri kuna sheria moja. Rotala inapenda kukatwa na kuachwa, unaweza kuikata kama ua la nyumba. Ludwigia inakubali lakini machipukizi yake ya pembeni yanatoka membamba mara ya pili na ya tatu. Hygrophila nayo ina nguvu kama napier, ukiacha visiki utapata msitu usio na umbo, hiyo mimi hupanda ncha na kutoa za chini. Cabomba, kama mtu anayo, sehemu ya chini haina subira kabisa, ncha tu.

Na hata Rotala, baada ya kukata mara nne tano kwa kisiki kile kile, chini inakuwa kama ufagio wa zamani, miti mitupu. Hapo ng'oa yote, chagua ncha nzuri, anza upya. Hata chai ukifika muda inapogolewa hadi chini.


fundo_na_pingili

@majani_chai_nandi nimekubali kwa Rotala. Mimi ninayo Hygrophila na Bacopa peke yake, ndio maana nimezoea kung'oa. Hiyo ya kufinya na vidole ni nzuri, afuate hiyo.


gapi_lanet

Asanteni sana jamani, sikutarajia kueleweshwa hivi. Nimefinya visiki sasa hivi mkono ukiwa umelowa hadi kwapani. Vya Rotala karibu vyote ni vigumu. Vya Hygrophila nusu vimelegea. Ludwigia viwili tu ndio vizuri.

Kuna vitu sikusema mwanzo na naona huenda vinahusika. Ya kwanza, changarawe yangu ni kubwa, saizi ya maharagwe hivi. Ya pili, kando na gapi niko na goldifishi wawili, wameshakuwa wakubwa kama kiganja, na huwa naona wanachimba chimba pale mbele asubuhi wakitafuta chakula. Ya tatu, majani ya zamani ya Hygrophila yana matundu madogo madogo kama yametobolewa na pini, ukingo wa tundu ni manjano. Nilidhani ni konokono wanakula.


mama_tanki_ksm

Mwanangu, goldifishi wawili ukubwa wa kiganja na changarawe ya saizi ya maharagwe, hata ungepanda na msumari zingetoka tu. Hujakosea kupanda, wanakupandulia! Goldifishi ni jamaa ya kamongo wa kuchimba kwa tabia ijapokuwa si kwa ukoo, kazi yao ni kufukua chini na kuonja kila kitu laini. Rotala changa kwao ni mboga.

Wahamishie kwao. Hata lita 140 kwa goldifishi wawili wakubwa na gapi ni kubanana, na wao wanapenda maji ya baridi kidogo kuliko gapi, hapo Nakuru watafurahi kwa tanki yao bila hita. Ukishindwa kuwahamisha kwa sasa nakupa njia yangu, nimeitumia hapa Milimani miaka mingi kwa sababu wajukuu walikataa nisitoe samaki wao.

Usipande kwanza. Chukua beseni ama ndoo nyeupe, tia maji ya tanki, weka zile ncha zielee juu, weka mahali penye mwanga wa dirisha lakini si jua la moja kwa moja, hapa kwetu Kisumu jua la saa nane litazichemsha kama mchicha. Badilisha maji nusu kila siku mbili. Hygrophila kufikia siku ya tano ama ya saba utaona nyuzi nyeupe zimetoka kwa vifundo, nyembamba kama uzi wa kushonea. Ngoja zifike urefu wa kidole gumba, ndipo upande. Mizizi ikiwa tayari inashika mawe, na huo mmea hata goldifishi akiuvuta haumfuati kwa urahisi. Nilikuwa na wasiwasi kwa Rotala kwa sababu ya udogo wa mizizi yake lakini nayo ilitoa, ilichukua muda zaidi.

Halafu changarawe. Usibadilishe tanki nzima, utavuruga. Nunua mchanga wa mto ule mkubwa kidogo, punje ya milimita mbili hivi, uoshe hadi maji yatoke safi, ujaze sehemu ya nyuma tu kina cha sentimita sita. Weka mawe mbele yake kama ukuta. Mimea ikae hapo.

Kwa mpangilio, anza fupi mbele na ndefu nyuma, ukate kwa ngazi. Waholanzi wana mtindo wao wa zamani wa tanki za mimea, kuna safu moja wanaiita barabara ya Leiden, mimea inapanda kidogo kidogo kutoka mbele kwenda nyuma hadi jicho linaona tanki ni refu kuliko ilivyo. Siri yake yote ni makasi. Kila wiki wanatoa ile ndefu wanapanda fupi.


bustani_ya_maji_nkr

Mimi niko Nakuru pia, Section 58, kwa hivyo wacha niseme ya maji na mbolea maana hapa ndio watu wa huku tunaumia.

TAFADHALI usitie CAN. Najua jirani anamaanisha mema. Lakini ndani ya CAN kuna amoniamu, na DAP vile vile. Kwa shamba udongo unaishika, kwa tanki iko ndani ya maji ambayo samaki anapumua. Na kwa maji yetu ni mbaya mara mbili, kwa sababu maji yakiwa ya alkali sehemu kubwa zaidi ya amoniamu inageuka amonia yenyewe, ile inachoma matamvua. Visima vingi huku kwetu vina bikaboneti ya sodiamu nyingi na kalsiamu kidogo. Ndio maana sabuni inatoa povu haraka unafikiri maji ni laini, lakini ukipima pH unapata 8 na kitu. Nilipoteza samaki kumi na moja usiku mmoja mwaka wangu wa kwanza kwa mbolea ya shamba kiasi cha kofia ya chupa ya soda, nikawapata asubuhi wamepanga mdomo juu ya maji. Sitaki mtu mwingine ayaone hayo.

Na isitoshe hukosi nitrojeni. Ukiwa na goldifishi wawili nitrojeni wanakuletea bure kila siku. Unachokosa ni potasiamu. Hayo matundu ya pini yenye ukingo wa manjano kwa majani ya ZAMANI ya Hygrophila, hiyo ni potasiamu inaomba. Konokono akila jani tundu linakuwa kubwa na ukingo wake hauna manjano, na mara nyingi anakula lile ambalo tayari limekufa.

Nenda kwa duka la pembejeo linalouzia wenye griinihausi, uliza potasiamu salfeti safi, ile inayeyuka yote kwa maji. Pima na mizani ndogo usikadirie na kijiko. Gramu 1 kwa lita 100 inakupa kama miligramu 4 na nusu za potasiamu kwa kila lita. Kwa tanki yako anza na gramu moja na nusu kwa wiki, siku ya kubadilisha maji, yeyusha kwanza kwa kikombe. Siku ukihamisha goldifishi ukabaki na gapi peke yao, unaweza kuhamia potasiamu naitreti, gramu 1 kwa lita 100 inaongeza karibu miligramu 6 za naitreti na 4 za potasiamu. Naitreti si amoniamu, hiyo samaki anaivumilia kwa kiasi.

Ukiona majani MAPYA ndio yanatoka meupe meupe na mishipa ya kijani, hiyo ni chuma. Hapo tena maji yetu yanatusumbua. Chuma cha dukani hushikiliwa na kemikali ili kiyeyuke majini. Kile cha EDTA kwa pH ya 8 kinaachana nayo haraka na mmea haukipati, tafuta cha DTPA, weka kidogo kidogo mara kadhaa kwa wiki badala ya kumimina yote Jumamosi. Kuna kingine cha EDDHA kinastahimili alkali kabisa lakini kinafanya maji yawe ya rangi ya waridi, mimi nilikiacha.

Na msimu wa mvua kinga maji ya paa. Acha mvua ya kwanza ioshe mabati kwanza. Mimi huchanganya theluthi moja ya mvua na mbili za kisima, pole pole kwa wiki kadhaa usiwashtue samaki, na Rotala yangu ndio ilianza kuonyesha wekundu wakati huo. Ujue pia Julai usiku ukiwa baridi huku kila kitu kinakua kwa mwendo wa kobe, usidhani umekosea.


otiende_dunga

Samahani kuingilia thread ya mtu. Mimi niko Kisumu na naanza tu. Kwa nini tununue mimea na Dunga pale kandokando ya ziwa kuna ile kama mkia wa paka imejaa bure? Nikichukua fungu moja nikate kate si ni sawa?


mama_tanki_ksm

Hiyo ya mkia ni Ceratophyllum, ni mmea mzuri na hauna hata mizizi, unaukata popote na kila kipande kinaendelea chenyewe kikielea. Lakini nisikilize kabla hujakunja suruali uingie majini. Kwenye mimea ya kandokando ya ziwa letu kuna konokono wadogo bapa waliojikunja kama mkeka, Biomphalaria, na hao ndio wanaobeba kichocho. Vijidudu vinatoka kwa konokono mchana jua likiwa kali, vinaogelea na kupenya ngozi ya mguu ama mkono ulio ndani ya maji. Havikusubiri unywe.

Nje ya konokono na bila mtu wa kumwingia, hivyo vijidudu haviishi zaidi ya siku mbili. Kwa hivyo kama lazima uchukue, vaa glavu ndefu na gambuti, suuza shina moja moja, toa kila konokono na kile kitone cha mayai kinachoonekana kama jeli chini ya majani, halafu weka kwa ndoo yake peke yake wiki mbili tatu, ukikagua kila siku na kubadilisha maji. Ukiona konokono mpya, unaanza kuhesabu upya. Yale maji ya ndoo mwaga kwa udongo mkavu. Mimi kwa roho yangu ningekuambia omba vipande kwa mtu mwenye tanki safi, hapa hapa watu wanakata kila wiki na kutupa.

Na kwa sababu umetaja ziwa, nawaomba wote kwa jumla: vipande mnavyokata msivimwage kwa mtaro, wala mto, wala ziwani. Gugu maji lililofunga ghuba yetu lilitoka Marekani ya Kusini na lilisambazwa duniani na watu waliopenda maua yake kwa vidimbwi vyao. Wavuvi wa hapa wamehangaika nalo tangu miaka ya 1990. Hiyo Hygrophila yenu yenyewe huko Marekani imeorodheshwa kama gugu baya kwa sababu kipande kimoja chenye fundo kinatosha kuanzisha upya. Anikeni juani hadi vikauke vivunjike, ama fukieni kwa mbolea ya shambani. Migomba yangu inakula vipande vya Hygrophila kila Jumapili.


otiende_dunga

Asante mama. Sikujua hiyo ya konokono na nilikuwa nimepanga kwenda kesho saa sita mchana na kaptula. Nimeghairi. Kuna mtu wa Kisumu mwenye vipande?


kondele_maji

Niandikie kwa inboksi, Jumamosi nakata Limnophila na Hygrophila. Njoo na chupa ya lita mbili.


gapi_lanet

Wadau narudi na habari, zimepita siku 24.

Goldifishi walienda kwa binamu yangu Njoro ambaye ana kidimbwi kilichofunikwa na wavu, wamenenepa tayari. Nilijaza mchanga nyuma kama mama_tanki_ksm alivyosema na siku hiyo maji yalichafuka nikaogopa lakini kesho yake yalikuwa yametulia.

Ncha za Hygrophila niliziweka kwa beseni, siku ya sita mizizi, siku ya kumi nikapanda, hakuna hata moja imeelea. Rotala nilikata visiki vidole vitatu kutoka chini nikaacha, na hapa nimkubali majani_chai_nandi: siku kumi za kwanza hakuna kitu, nikawa karibu kung'oa, halafu asubuhi moja nikaona pale kwa fundo la juu kuna vitu viwili vidogo vya kijani kama masikio ya panya, kimoja kila upande. Sasa vimefika urefu wa kidole na karibu kila kisiki kina viwili, kimoja kina vitatu. Ncha za Rotala nilizopanda na vikonyo, kati ya kumi na nane ni mbili tu zimeng'oka na kuelea.

Potasiamu naweka gramu moja na nusu kila Jumamosi. Majani ya zamani yenye matundu hayajapona, nadhani hayaponi tena, lakini mapya yote ni mazima. Jirani nilimweleza habari ya amonia na alielewa vizuri, sasa anataka tanki pia.

Ludwigia ndio bado. Visiki viwili vizuri vimetoa vichipukizi lakini ni vyembamba sana na majani yako mbalimbali, fundo moja hadi lingine ni kama sentimita tatu. Nilipanda ncha sita, nne ziko sawa. Nikate hivyo vyembamba vikiwa bado vidogo ama niviache vifike juu kwanza nichukue ncha?


majani_chai_nandi

Usikate bado. Pingili ndefu ni mwanga hautoshi pale ilipo, angalia kama Hygrophila imeikalia juu. Punguza Hygrophila upande huo wiki hii, ama ihamishe Ludwigia katikati chini ya taa. Ikitoa pingili fupi tatu mfululizo, hapo kwa hizo fupi ndipo ukate, hizo ndizo za kupanda. Zile ndefu za chini tupa juani.


gapi_lanet

Imeikalia kweli, nimeangalia. Nachukua kibano sasa hivi.